Mbwa Hutoka Mwenyewe

Mbwa akitumbukia mtoni, mwache. Lishike hilo kwanza, mengine yatafuata. Usishuke ukingoni, usivue viatu, usiseme "nitamfikia tu, yuko hapa karibu." Mbwa ana miguu minne na manyoya, na akilowa haoni haya. Wewe una miguu miwili, koti zito, na haya yako. Na katika hivyo vitatu, kinachozamisha upesi ni haya.

Bi Pauline Garside aliyajua yote hayo. Alizaliwa Aldersbridge, akaolewa Aldersbridge, na mto unaopita chini ya mji ule aliujua kama mtu anavyomjua jirani mwenye hasira. Kujua na kufanya, lakini, si ndugu wa tumbo moja.

"Mama, simu," alisema Kerry, bintiye, mgongo ukiwa umegeukia beseni la vyombo.

"Naenda bustanini, siendi vitani."

"Juzi ulisema hivyo hivyo ukachelewa mpaka chai ikaota ngozi. Nilikuwa nimekwisha kukuzika mara mbili kichwani mwangu."

"Nilipendeza kwenye jeneza?"

Freya, mjukuu wa miaka tisa, alicheka mpaka makombo ya mkate wa kuchoma yakamruka mdomoni. Mama yake alimgeukia.

"Usicheke. Bibi yako anadhani ni utani." Kerry alikausha mikono kwenye aproni, akavaa koti jeupe la kazini. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa la mtaa wa juu, na kila siku alisikia habari za wazee walioanguka, waliovunjika nyonga, waliookotwa na majirani. Habari hizo alirudi nazo nyumbani kama harufu ya dawa. "Mvua imenyesha juma zima, Mama. Maji yote ya milimani yanapita hapa kwetu. Kaa juu kwenye maua. Usishuke njia ya mtoni."

"Njia hiyo ndiyo niliyokufundishia kutembea."

"Nashukuru. Sasa nakwambia usiipite." Kerry alivuta pumzi, akalitoa lile alilolikalia tangu Jumapili. "Nimeongea na yule dada wa huduma za wazee. Anaweza kuja asubuhi, mkatembea pamoja."

Bi Pauline aliweka kikombe chini taratibu. "Kama mbwa?"

"Mama!"

"Yeye ananishika mimi kamba, mimi namshika Bertie. Tutapendeza, tutakuwa treni."

"Sikulazimishi leo. Lakini sikia. Ukianguka mara moja tu, mara moja, nikaitwa kazini kuja kukuokota, mambo ya kwenda peke yako yamekwisha. Utatembea na mtu au utakaa ndani. Nimesema."

Freya alitazama sahani yake. Bi Pauline alimfunga kamba Bertie, mbwa mdogo wa kahawia mwenye masikio kama soksi zilizoanikwa, akavuta kofia yake ya sufu mpaka masikioni. Simu aliichukua mbele ya Kerry, akaitazama, na alipopita ukumbini akaiacha juu ya rafu, nyuma ya picha. Alifanya hivyo makusudi. Mtu wa miaka sabini na moja akitishiwa kama mtoto, naye hujibu kitoto.

*

Aldersbridge si mji wa fahari. Kiwanda cha matofali kilifungwa zamani, maduka ya barabara kuu nusu yana mbao madirishani, na vijana wenye akili huondoka na gari-moshi la asubuhi wasirudi ila Krismasi. Lakini bustani yake! Mtu akiingia kwa lango la juu, wakati micheri imechanua, husahau kodi ya nyumba. Nyasi hushuka kwa mteremko laini toka kibanda cha bendi hadi mtoni, zimekatwa mistari mistari, na katikati ya mteremko lipo tuta kubwa la duara ambalo mwezi ule wa Aprili lilikuwa limejaa tulipu nyekundu, zikisimama juu ya zulia la maua madogo ya samawati. Chini kabisa, njia ya changarawe huandamana na mto chini ya mierebi, na wazee hukaa kwenye mabenchi yenye majina ya wafu wao, wakawatazama mabata wakigombana. Hakuna kiingilio. Tajiri na asiye kitu wote huingia na viatu vyao vile vile.

Na uzuri ule haukushuka kutoka mbinguni. Halmashauri ilikuwa imebakiza mtunza bustani mmoja tu, Trevor, mwanamume mrefu mwenye mgongo mbovu. Kazi nyingine yote ilifanywa na watu wa mji kwa kujitolea, waliojiita Marafiki wa Bustani, na kiongozi wao alikuwa Bi Pauline. Wao ndio waliopiga magoti Novemba, vidole vimekufa ganzi, wakazika vitunguu vya tulipu, vile vinavyochipua maua, kimoja kimoja. Na siku ile ndiyo waliyokuwa wakiingoja. Saa tano wangefika waamuzi wa mashindano ya miji yenye maua.

"Usiziguse, Bi Pauline," alisema Trevor alipomwona ameinama tutani. "Ukizinyoosha tena zitadhani ziko jeshini."

"Hii moja imelala."

"Imechoka kukungoja. Nenda kamtembeze mbwa, urudi umependeza. Waamuzi watataka kupiga picha na mtu, na mimi sura yangu itatupotezea pointi."

Bi Pauline alicheka, akatazama huku na huku kuona kama kuna mbwa asiye na kamba. Hilo ndilo lililompa jina mjini. Wamiliki wa mbwa walimwita Mama Kamba, nyuma ya mgongo wake na wakati mwingine si nyuma sana. Jana yake tu alikuwa amemfokea Gwen Applegarth mbele za watu, Gwen mwenye duka la nyuzi, mwenye mabega mapana, na mwenye mbwa mkubwa kama ndama aitwaye Samson.

"Bi Applegarth! Mbwa wako anakalia tulipu!"

"Hazikalii. Anazisoma."

"Kamba, Bi Applegarth! Kesho tuna waamuzi. Au kusoma bango la kufunga mbwa nako ni kazi ya Samson?"

Wenzake Gwen walikuwa hapo, wale wanawake ambao kila asubuhi, kiangazi na baridi, huingia mtoni na kofia za sufu kichwani wakaogelea wakipiga kelele. Walitazama viatu vyao. Gwen aliiva uso mpaka shingoni, akamfunga Samson, akaondoka. Bi Pauline alirudi nyumbani akijisikia mshindi, na usiku alilala na kitu kidogo kikimchoma, hakujua ni kitu gani.

Sasa alishuka hadi njia ya mtoni. Kerry alikuwa amekataza. Ndiyo maana miguu ilienda huko yenyewe. Mto ulikuwa umepanda, rangi ya chai ya maziwa, na mbele kidogo ulisikika ukinguruma pale unaporuka ukuta mfupi wa mawe. Waogeleaji huogelea juu sana ya hapo, kwenye maji mapana yaliyotulia. Hapa kwenye kona ya mierebi hawaji, kwa sababu mto hubana na kuvuta.

Hapakuwa na mtu. Bertie alitazama juu kwa macho yale yake.

"Dakika mbili tu," alisema Bi Pauline. "Na usimwambie mtu."

Akamfungua kamba.

*

Bata jike alitoka majanini, Bertie akamfuata, bata akaruka, Bertie hakuruka. Kilisikika kishindo kidogo tu, kama mtu aliyeangusha kitabu.

"Bertie! Njoo hapa! Bertie, mpuuzi we!"

Kichwa cha kahawia kilikuwa kinazunguka majini, miguu inapiga, macho meupe. Kilikuwa karibu, jamani. Karibu mno. Mtu angeinama tu akishika tawi, akanyoosha mkono, angemkamata ukosi. Maneno hayo hayo wameyasema wengi ambao majina yao sasa yako kwenye mabenchi. Bi Pauline alishika tawi la mwerebi, akaweka buti la mpira juu ya tope la ukingoni, na tope likaondoka na buti.

Maji baridi ya Aprili hayamzamishi mtu kwanza. Kwanza humnyang'anya pumzi. Kifua chake kilijifunga kama mlango uliopigwa na upepo, akafungua mdomo kuita na mdomo ukajaa mto. Akapigwa na kitu begani; kilikuwa mzizi wa mwerebi, mnene kama mkono wa mtu, uliochomoza kutoka ukingoni. Akaukumbatia. Mto ulimvuta miguu kuelekea kwenye ngurumo, mabuti yakajaa, koti likafura mgongoni, lakini mzizi ulishika, na kichwa chake, kofia ya sufu na miwani, vikabaki juu.

Na Bertie? Bertie alielea hatua chache, akapata mahali penye mteremko, akapanda nchi kavu. Akajikung'uta. Akakaa kwenye nyasi, akamtazama bibi yake kwa mshangao, kana kwamba anauliza ni nini kilichompeleka huko.

Kisha changarawe ikalia. Kijana mmoja alikuwa anakuja akisukuma kigari cha mtoto, anaimba taratibu. Jina lake Callum, amehamia mjini si muda, hajui kona hii wala ile. Alimwona kati ya matawi mwanamke mzee majini hadi mabegani, ana kofia ya sufu, ametulia. Amekwisha kuwaona wanawake kama hao kila asubuhi. Akasimama, akatabasamu.

"Asubuhi njema, mama! Nawavulia kofia nyinyi. Maji yakoje leo?"

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Hawakumwona Bi Pauline. Katika ule muda mfupi yalimpitia mengi: Kerry akiitwa kazini mbele ya wateja. Yule dada wa huduma. Simu nyuma ya picha. Kamba ya mbwa mkononi mwake mwenyewe, yeye, Mama Kamba, mbwa wake ametumbukia kwa sababu hana kamba. Na kijana wa watu ana mtoto. Afanye nini, amwache mtoto njiani? Ya nini kumtia mwenzako taharuki asubuhi asubuhi? Labda angepata nguvu, apande mwenyewe, amwage maji ya mabuti, aende nyumbani kwa njia ya nyuma, na dunia isijue.

"Yanaburudisha!" alijibu Bi Pauline.

"Nyinyi ni majasiri. Mimi hata kuoga nangoja maji yachemke!" Callum alicheka, akapunga mkono, akaendelea na njia yake.

Changarawe ilinyamaza. Bi Pauline alijaribu kupanda. Akavuta kwa mikono, na mikono ikamjibu kwa mbali, kama watumishi walioacha kazi. Vidole vilikuwa vimegeuka vyeupe kama nta. Akajaribu tena, na mzizi ukateleza, kifua kikashuka, kidevu kikagusa maji. Ndipo alipoelewa kwamba hapandi. Si kwamba itakuwa vigumu, hapandi. Atakaa hapa mpaka vidole vichoke, kisha ataondoka na mto, na maneno ya mwisho aliyosema duniani yatakuwa "yanaburudisha."

"Samahani," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, ile sauti ya mtu anayeomba kupita kwenye foleni.

"Samahani! Kuna mtu? Samahani sana, kama una nafasi..."

Bertie alisimamisha masikio. Ngurumo ya ukuta ilimeza vyote. Bi Pauline alifumba macho akamwona Freya na makombo yake mdomoni, na kitu fulani alichokibeba maisha yake yote, kitu kilichonyooshwa kwa pasi na kukunjwa vizuri, kikapasuka.

"Nisaidieni!" alipiga ukelele. "Nisaidieni, nakufa! Niko huku! Jamani nakufa, nisaidieni!"

Hakuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa nene, mbaya, sauti ya soko la ng'ombe. Aliitoa tena na tena.

*

Huko juu, Callum alikuwa amekutana na Gwen Applegarth na waogeleaji wenzake, pamoja na wale wanaotembeza mbwa asubuhi. Alikuwa amesema kwa furaha, "Mwenzenu mmoja ameshawatangulia, yuko kule kwenye mierebi."

"Mwenzetu yupi?" aliuliza Gwen. "Sote tuko hapa."

"Bibi mmoja, ana kofia, ana miwani..."

"Miwani? Kwenye mierebi?" Gwen aliacha kufungua joho lake la kuogelea. "Kule hakuogelewi, kijana."

Ndipo ukelele ukafika.

Gwen alikimbia na miguu mitupu juu ya changarawe. Njiani ipo nguzo yenye kulabu ya boya la kuokolea watu. Kulabu ilikuwa tupu, boya lilichezewa na walevi Jumamosi likaenda na mto. Aliitazama mara moja, akatukana tusi ambalo sitaliandika, akageuka nyuma.

"Kamba! Kamba zenu zote! Fungueni mbwa, nipeni kamba!"

"Lakini mbwa wa..."

"Fungua!"

Wakafungua. Kamba nyekundu, za ngozi, za nailoni, moja ya waridi yenye vito vya plastiki, zote zikapita mikononi mwa Gwen, kitanzi ndani ya kulabu, kulabu ndani ya kitanzi. Callum alikuwa anavua viatu, machozi yanamtoka.

"Naingia. Nilimwona mimi. Nilimpita."

"Huingii!" Gwen alimshika kola. "Ukiingia mtakuwa wawili, na wewe una mtoto. Nishike miguu. Nyote nishikeni miguu."

Akalala kifudifudi topeni, joho na yote, akajisogeza mpaka kichwa kikaning'inia juu ya maji.

"Bi Pauline. Ni Gwen. Nitazame mimi, usiutazame mto. Pumua. Usipigane nao, acha miguu ielee. Hivyo. Sasa nakutupia kitanzi, pitisha mkono mpaka kwapani. Mkono mmoja tu."

"Siwezi kuachia."

"Unaweza. Jana ulikuwa na ulimi wa kuangusha mti, leo mkono mmoja unakushinda?"

Bi Pauline aliachia mkono mmoja. Mto ulimvuta kwa nguvu akazama mpaka puani, kisha kitanzi kikambana kwapani, na juu sauti zikasema "Vuta!" kwa pamoja. Walivuta muuza nyuzi na walimu wastaafu na kijana mwenye mtoto, na mwanamke aliyekuwa amevaa tayari kwa kazi ya benki akavuta ameketi matopeni na sketi yake. Bi Pauline akapanda kwa magoti, kwa tumbo, kama gunia la viazi, mpaka shavu lake likagusa nyasi.

Wakamvua koti. Gwen akavua joho lake nene akamfunika, mwenyewe akabaki na nguo ya kuogelea katika upepo wa Aprili. Mtu alikuwa anaongea na simu, anaita gari la wagonjwa. Bi Pauline alikuwa anatetemeka hata meno yanagongana, lakini masikio yalisikia jambo. Kubweka. Furaha kuu ya mbwa. Akainua kichwa.

Juu mteremkoni, mbwa wote wa Aldersbridge waliokuwa wamefungwa miaka na miaka kwa sauti yake walikuwa wamefika kwenye tuta. Samson alikuwa katikati, anachimba. Wengine walikuwa wanazunguka, wanarukiana, wanagaagaa, na petali nyekundu zilikuwa zinaruka hewani kama kwenye harusi. Trevor alikuwa amesimama pembeni na reki yake. Alikuwa ameona toka juu kinachoendelea mtoni. Hakufukuza hata mbwa mmoja. Aliitupa reki akashuka mbio na mgongo wake mbovu, amebeba blanketi la kibandani.

"Kamba," alinong'ona Bi Pauline.

"Kamba zote unazo wewe," alisema Gwen, akimsugua mgongo. "Tulia."

Callum alipiga magoti mbele yake. "Samahani, mama. Samahani sana. Nilikuuliza maji yakoje!"

"Hapana, samahani mimi. Nilikujibu vibaya."

"Mimi ndiye niliyepaswa kuona."

"Una mtoto. Sikutaka kukusumbua."

"Mungu wangu," alisema Gwen, "watu hawa watakufa wakiombana radhi."

*

Kerry alifika na koti jeupe la duka la dawa likipepea, mlango wa gari la wagonjwa ukiwa wazi bado. Akapanda, wakaenda naye hospitali. Hakusema kitu walipompima mama yake joto la mwili, walipomfunga mablanketi yanayopulizwa hewa moto, wala daktari aliposema moyo uko sawa, arudi nyumbani apumzike. Alishika mkoba wa mama yake magotini kama mtu anayengoja basi. Ni ndani ya teksi tu ndipo alipofungua mdomo.

"Yule kijana ameniambia. Alikuuliza ukiwa unazama, Mama. Unazama. Ukamjibu yanaburudisha?"

Bi Pauline alitazama dirishani. "Ilikuwa ndiyo njia fupi."

Kerry alianza kucheka. Dereva naye akacheka kwa adabu, na Kerry akazidi, akajishika tumbo, na katikati ya kicheko sauti ikavunjika, akawa analia, kwa kwikwi, kama alivyolia alipokuwa na umri wa Freya. Bi Pauline alizoea kusema "haya, haya, si kitu," na leo maneno hayo hayakutoka. Kilikuwa kitu.

Alasiri Gwen alikuja na Bertie, amefungwa ile kamba ya waridi yenye vito. Alikuwa amevaa kama mtu wa kawaida, na hilo lilimfanya aonekane mgeni. Akasimama mlangoni akipangusa viatu muda mrefu kupita kiasi.

"Waamuzi walikuja," alisema.

Bi Pauline alikuwa kwenye kiti karibu na moto, chupa ya maji moto tumboni. "Niambie tu."

"Tulizisimamisha zilizoweza kusimama. Nyingine tukazichoma vijiti. Yule mwamuzi wa kike mwenye miwani alizunguka tuta lote, kimya, anaandika. Halafu akamwuliza Trevor, kulikoni hapa? Trevor akamjibu, tulikuwa na shughuli kidogo asubuhi."

"Shughuli kidogo."

"Ndivyo alivyosema. Hakuna aliyeongeza neno. Mama wa benki alikuwa hapo ana matope mpaka kwenye nywele, akasema kweli, kidogo tu."

Kazi ya tangu Novemba, magoti na vidole vya watu wote wale, imekwenda kwa dakika chache, na hakuna hata mmoja aliyemtaja. Bi Pauline alihisi uso wake ukiwaka, na safari hii hakujitahidi kuuzima.

"Gwen, juzi ile... jana. Mbele ya wenzako."

"Samson alikuwa anazikalia. Nilimwona kabla yako." Gwen alikuna masikio ya Bertie. "Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Kesho tutakuwa pale na majembe, ukipata nguvu. Usipopata, tutakuwa pale vile vile." Akaondoka kabla ya kukaribishwa chai, maana alijua angelazimika kuinywa.

Kerry alifunga mlango akarudi, akasimama katikati ya chumba. Freya alikuwa sakafuni, ameegemea miguu ya bibi yake, na tangu arudi shule hakuondoka hapo hata kwenda chooni.

"Haya, sema," alisema Bi Pauline. "Nilianguka. Uliitwa kazini. Ulisema mara moja tu."

Kerry alichuchumaa mbele ya kiti. "Nikikufungia ndani utakaa," alisema, "na utanijibu kila siku kwamba uko salama, hujambo, yanaburudisha. Na mimi sitajua lini unazama." Akapangusa pua kwa kiganja. "Nenda kwenye mto wako. Sitakutafutia mtu. Lakini Mama, nikikuuliza kitu, unijibu. Hilo tu. Hata kama ni aibu. Hasa kama ni aibu."

Bi Pauline alitaka kusema sawa, lakini sawa ni neno alilolitumia vibaya mno. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema anakwenda juu kubadili sweta, hili limelowa jasho. Alipanda ngazi polepole, mkono kwenye reli, akafunga mlango wa chumba chake kama siku zote.

Huko chini Kerry alitia maji kwenye birika. Freya alimtazama, Kerry akamtazama Freya, na wote wawili wakasikiliza dari. Ubao wa sakafu ulilia. Kabati lilifunguliwa. Kisha kimya, kimya kirefu.

Ndani ya chumba, Bi Pauline alikuwa ameketi kitandani na sweta safi la vifungo mwilini, na vidole vyake, vyekundu sasa na vimevimba, vilikuwa vinakitafuta kifungo cha kwanza. Vikakikosa. Vikakishika, kikateleza. Akajaribu kile cha chini. Alijaribu kwa subira, kama mtu ambaye hana haraka na hakuna anayemwona. Sweta halihitaji kufungwa, alijiambia. Angeweza kulikutanisha tu kwa mkono, ashuke, akae kwenye kiti, na nani angejua?

Akaiacha mikono ikae mapajani.

"Kerry!" aliita.

Birika liligonga sinki. Miguu ilipanda ngazi mbili mbili, na nyuma yake miguu midogo, na mlango ukafunguka ukagonga ukuta, Kerry amesimama pale mweupe kama chokaa.

"Nini? Nini, Mama?"

"Vifungo," alisema Bi Pauline. "Siwezi vifungo. Njoo unifunge."